Hapana ya Mbele za Watu

Tangu Jumamosi Disha alipopiga simu, Amira hakutulia. Alianza kupanga kamba za manila kwa unene, akaziacha katikati. Akashika kitambaa akafuta vumbi kwenye pampu za maji, kazi ya bure kabisa kwa duka lililo ukingoni mwa barabara ya Ushirombo pale Katoro, maana lori moja likipita tu vumbi linarudi lote na jingine juu yake. Akatoka nje akatazama bodaboda. Akarudi ndani. Akaenda uani, akafika mlangoni pa jikoni, akasahau alichofuata, akageuka. Mama yake, Mwamvua, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo, alimwacha apite mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akaigeukia sufuria iliyokuwa mekoni.

"Sufuria yangu," alisema, "humu ndani kuna mtu atatutobolea sakafu."

Mtu asishangae. Mwamvua alikuwa akiongea na sufuria tangu aolewe, na katika nyumba ile ilikuwa ndiyo njia ya kusema mambo. Mzee Akida, mumewe, hakuwa mkali. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Lakini alikuwa mtu mzima wa zamani, aliyelelewa Ujiji na bibi aliyejua adabu zote, na nyumbani kwake mkubwa hakuambiwa hapana usoni. Mwamvua akiwa na lake aliiambia sufuria kwa sauti ya kutosha mtu wa barazani kusikia. Likiwa zito zaidi, alimpigia wifi yake Tabora, naye akampigia kaka yake. Amira hakuwa na sufuria wala wifi. Yeye alikubali tu. Akiitwa aliitika "Abee" kabla hajajua anaitiwa nini, na nusu ya kukubali ilikuwa imeshafanyika humo humo kwenye kuitika.

Na hilo ndilo lililokuwa likimponza. Amira alikuwa amebakiza usaili wa mwisho kuingia kampuni moja ya ushauri wa biashara kule Dar es Salaam, zile kampuni ambazo wenye viwanda huziita ziwaambie kwa nini viwanda vyao haviendi. Walianza mamia, wakachujwa, wakachujwa tena, wakabaki wachache. Usaili ulikuwa Alhamisi, kwa video. Pamoja na kumwalika, kampuni ilimwandikia ushauri kwa Kiingereza cha kubembeleza, na Disha akaufasiri kwa maneno ya Katoro.

"Wanasema mahesabu yako mazuri, maswali yako mazuri, lakini ukitikiswa kidogo unaachia," alisema Disha kwenye simu. Huyu alikuwa binti wa Dilip, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Walisoma dawati moja, na sasa yeye alikuwa mwaka wa pili katika kampuni ile ile. "Yule mzee wa raundi iliyopita alikwambia jibu lako siyo, nawe ukaliacha. Jibu lilikuwa sawa, Amira."

"Nilidhani ameona kitu ambacho mimi sikukiona."

"Hakuona kitu. Alikuwa anakujaribu. Sasa Alhamisi ni Bi Lusia, na Bi Lusia ndiye mwenyewe. Ataanza kwa Kiingereza. Ukishazoea atageukia Kiswahili, atakuita mwanangu, atakwambia kitu ambacho siyo kwa sauti ya mama yako mzazi. Hapo ndipo watu wanapodondoka."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta mtu mzima unayemwogopa. Bishana naye kila siku mpaka Alhamisi."

Mtu mzima aliyemwogopa alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikuwa barazani akinywa kahawa.

Ilikuwa na lingine hiyo Alhamisi, lililomkosesha Amira raha kuliko hata usaili. Mzee Akida alikuwa mtu wa kufuata rashi. Dhahabu ikionekana mahali, watu wakamiminika na sululu zao, yeye alifunga pampu, kamba na maturubai, akaenda kuwauzia huko huko. Amira alizaliwa Rwamgasa, akaanza shule Nyarugusu, akaimalizia Mgusu. Kila walipofika, mama yake alipanda mlimao nyuma ya banda, na kila mara walihama kabla haujazaa. Katoro ndipo walipotulia hatimaye, kwenye nyumba ya matofali yenye bomba uani, na mlimao wa Katoro ulizaa. Mwamvua alipochuma limau la kwanza hakulikamua. Aliliweka dirishani likakaa mpaka likakauka.

Sasa kulikuwa na rashi mpya upande wa Segese. Nkwabi, mchimbaji wa siku nyingi aliyenunua Fuso kwa dhahabu yake, alikuwa na banda huko na alimbakizia Mzee Akida nusu yake. Fuso lingeondoka Alhamisi asubuhi. Mzee Akida aliitangaza safari wakati wa chakula, akala, akanawa. Sufuria iliambiwa mengi jioni ile. Lakini Mzee Akida alikuwa na ufundi wake wa miaka mingi wa kutosikia sufuria, na hata wifi wa Tabora safari hii alipiga simu ikaita mpaka ikakata.

Kwa hiyo Amira akiipata kazi angekwenda Dar, na mama yake angebaki kwenye banda la turubai Segese, akipanda mlimao mwingine. Akiikosa, wangekwenda wote. Alizunguka na mawazo hayo mawili dukani, uani, barabarani, na hakuna hata moja lililotaka kukaa kitako.

Jumapili alimwomba baba yake awe msaili wake.

Mzee Akida alilipokea ombi kama mtu aliyepewa uenyekiti wa kamati ya harusi. Alivaa kofia ya Ijumaa siku ya Jumapili, akavaa miwani ya kusomea ingawa hakukuwa na cha kusoma, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza ya duka. Amira akatoka, akapiga hodi, akaingia. Akamsalimia kwa Kiingereza kama Disha alivyomwelekeza, akamnyooshea mkono.

Mzee Akida aliutazama ule mkono.

"Shikamoo iko wapi?"

"Baba, kwenye usaili hakuna shikamoo. Ni Kiingereza."

"Huyo mama ana umri gani?"

"Disha anasema anamzidi mama kidogo."

"Na wewe unaingia kwake unampa mkono kama unapokea mzigo. Toka. Ingia upya."

Akatoka, akaingia upya na shikamoo yake. Mzee Akida akaitika marahaba, akamuuliza hali, akamuuliza safari, akamuuliza nyumbani wametoka salama na wazee wanaendeleaje, nao wazee ni yeye mwenyewe na mwenye sufuria. Walipomaliza kujuliana hali, mteja aliingia kutafuta turubai. Mazoezi ya siku ya kwanza yakaishia kwenye salamu.

Jumatatu wakaruka salamu kwa makubaliano maalumu.

"Leo nitasema uongo," alisema Mzee Akida, "nawe unikatalie. Uko tayari?"

"Niko tayari, baba."

"Geita haina dhahabu."

Amira alifungua mdomo. Alijua jibu. Kila kilichokuwa kwenye rafu zile kilikuwa hapo kwa sababu ya jibu hilo, na sare zake zote za shule zililipwa nalo. Lakini macho ya baba yake yalikuwa yamemtazama juu ya miwani, na ulimi ukafanya ulichozoea.

"Pengine inategemea baba anaitazama Geita kwa upande gani," alisema.

Jikoni Mwamvua alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mzee Akida akavua miwani.

"Mwanangu," alisema kwa masikitiko, "hata mimi sijaamini nilichokisema."

Amira naye alicheka, kisha kicheko kikaisha vibaya. Aliona aibu. Mtu mwenye digrii, aliyechujwa akabaki, hawezi kusema Geita ina dhahabu. Alikwenda nyuma ya tenki la maji akasimama huko, akihesabu matofali ya ukuta na kuyapoteza, mpaka alipoitwa. Akaitika abee.

Jumanne Nkwabi alikuja kuuliza maandalizi ya safari. Alikuwa mtu mpana, mcheshi, anayeingia dukani akitanguliza tumbo.

"Mwangaluka, Mzee Akida."

"Mwangaluka, Nkwabi. Kaa."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapewa soda. Mzee Akida siku hiyo alikuwa na furaha. Msafara ulikuwa unakaribia, mgeni alikuwa mbele yake, na binti yake msomi alikuwa pale akipanga kamba kwa mara ya kumi. Ilikuwa vigumu kwa baba yeyote kuviacha vitu hivyo vipite hivi hivi.

"Huyu binti ana usaili Alhamisi," alimwambia Nkwabi. "Mimi ndiye ninayemfundisha. Amira, acha kamba. Leo nakupa kesi ya kweli."

Amira akasimama mbele ya meza.

"Kuna mteja," alisema Mzee Akida, akiegemea kiti. "Mtu mzima, mzoefu. Ana duka Katoro. Kumetokea rashi upande wa Segese. Gari lipo, banda lipo. Aende au asiende? Mshauri."

Nkwabi alichekea ndani ya chupa. Mteja alijulikana na jibu lililotakiwa lilijulikana. Mzee Akida alitaka elimu ya binti yake iseme "aende" mbele ya shahidi, kisha wapige makofi waendelee na soda.

Amira akajifuta vumbi la kamba mikononi. Akakumbuka alivyofundishwa: usijibu, uliza kwanza.

"Wateja wake wa sasa wanatoka wapi?"

"Kila mahali," alisema Mzee Akida kwa fahari. "Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu. Hata kutoka Ushirombo wanakuja."

"Na kwa nini wanakuja Katoro?"

"Katoro kila kitu kipo. Mtu akija kununua pampu ananunua na mchele na viatu."

"Huko Segese wauzaji wa pampu wameshafika?"

Mzee Akida alitaka kujibu, lakini Nkwabi alikuwa mtu mkweli na hakujua hatari iliyopo.

"Aa, hao wapo," alisema. "Banda kwa banda. Hiyo nusu yangu yenyewe wameiulizia sana, nimeibana kwa ajili ya mzee."

"Na rashi ikiisha?"

"Ikiisha anahamia nyingine," alisema Mzee Akida. "Ndiyo biashara."

Amira aliona jibu likikaa lenyewe. Halikuwa gumu. Lilikuwa wazi kuliko kesi zote alizofanya na Disha, na hilo ndilo lililomtisha.

"Basi asiende," alisema.

Nkwabi akaacha kunywa.

"Wa rashi zote wanakuja kununua Katoro," Amira akaendelea upesi kabla woga haujamkuta. "Akihamia rashi moja anawaacha wa rashi nyingine zote, anakwenda kugombania hao wa Segese na watu waliomtangulia. Bora abaki hapa, wa Segese awauzie jumla."

"Binti," alisema Mzee Akida taratibu, "mimi nimeuza pampu kabla hujaota meno."

"Ni kweli, baba."

Hapo ndipo mahali pake pa siku zote pa kudondokea. Neno la kukubali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na kupitia hapo aliuona mlimao, na mama yake chini yake akianika nguo za safari asiyoitaka.

"Ni kweli," alisema tena, "na bado nasema asiende."

"Unaniambia mimi hapana?"

"Namwambia mteja."

"Mteja ni mimi."

"Basi nakwambia wewe, baba. Hapana."

Nkwabi aliigeuza chupa ya soda akaanza kusoma maandishi ya ubavuni mwake. Mzee Akida alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kila siku alikwenda msikitini baada ya kusikia adhana ya alasiri. Siku hiyo alikwenda kabla yake.

Amira alibaki amesimama, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri ajabu. Kisha mama yake akaingia na kanga iliyolowa mkononi.

"Umemwambia baba yako hapana."

"Mama, si hata wewe hutaki kwenda?"

"Sitaki. Sufuria inajua sitaki, na mlimao unajua. Lakini mimi sijamwambia mbele za watu." Akamgeukia Nkwabi. "Samahani, baba. Soda imetosha?"

Nkwabi alisema imetosha, akaaga kwa haraka kuliko ukubwa wake ulivyoruhusu.

"Ningemwambia wapi?" Amira aliuliza. "Ameniuliza hapa."

"Ungenipa mimi nimpelekee. Ungempa shangazi yako. Ungesema ngoja nifikiri, ukafikiri mpaka Nkwabi aondoke. Mtu amekuita umpambe mbele ya mwenzake, wewe umemvua nguo."

Amira aliokota ile chupa ya soda akairudisha kwenye kreti. Alikuwa amejifunza kubishana bila kujifunza mahali pa kubishania, na kwa kuwa yale yalikuwa mazoezi alidhani hayahesabiwi. Yalihesabiwa. Kwa watu wa kampuni ile neno lina uzito ule ule popote linapotamkwa. Kwao yeye, neno hilo hilo jikoni ni ushauri na dukani ni matusi.

Jumatano Mzee Akida hakusema naye. Akitaka kitu alimwambia Mwamvua, hata kama Amira alikuwa karibu zaidi: "Mwambie mwanao anipe mkasi." Mwamvua akamwambia Amira, Amira akautoa mkasi, Mwamvua akaupokea akampa mumewe, na wote watatu walikuwa kwenye chumba kimoja. Naye mzee alikuwa akifungasha. Pampu zilishuka kwenye rafu moja moja zikaingia kwenye maboksi, kamba zikafungwa, maboksi yakasogezwa mlangoni. Amira alilitazama kila boksi kama mtu anayesomewa hukumu.

Disha alipiga simu. "Umebishana?"

"Nimebishana."

"Safi. Umeshinda?"

"Disha, hanisemeshi."

Siku nzima alikwenda na kurudi. Mara tatu alifika mlangoni pa duka na maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni, na mara tatu aligeuka. Kuondoka kwenda kwenye jambo kubwa bila radhi ya baba ni kitu alichokiogopa tangu akiwa mtoto, na hakukuwa na usomi uliokitoa. Lakini aliogopa pia kwamba akifungua mdomo kuomba radhi, jibu lake nalo lingetoka na kuondoka, na kesho yake mbele ya Bi Lusia lisingekuwepo lingine.

Jua lilipoanza kuinama alijikaza akaingia. Baba yake alikuwa amechutama anafunga boksi kwa kamba.

"Baba. Naomba radhi."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Mzee Akida kumjibu moja kwa moja. "Ya nini?"

"Ya kukujibu vile mbele ya Nkwabi. Ningesubiri aondoke."

Mzee Akida akavuta kamba, akafunga fundo. "Na jibu lenyewe?"

Amira alishika ukingo wa meza. Alitamani awe na sufuria.

"Jibu ni lile lile, baba."

Mzee Akida hakuinua uso. Alilisukuma boksi likaungana na mengine, akavuta jingine. Amira akatoka akaenda kusimama chini ya mlimao, na safari hii alilia kabisa.

Alhamisi asubuhi alivuka barabara akaenda kwa Dilip, maana intaneti ya pale haikatikatiki na jenereta lilikuwepo kwa umeme wa Katoro unaojulikana. Dilip alikuwa ameshatoa makopo ya rangi ofisini, akawaambia mafundi wanaokata mabati nyuma wapumzike. Mama yake Dilip, Kantaben, akaja na kibakuli cha maziwa mgando yenye sukari na kijiko kimoja.

"Kwetu mtoto haendi kwenye kazi kubwa bila hii," alisema. "Disha pia nilimpa. Kula, mwanangu."

Amira hakuwa na njaa tangu Jumamosi, lakini alikula, kwa sababu aliambiwa na mtu mzima. Kisha akafunga mlango, akawasha kompyuta.

Bi Lusia alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, nywele fupi zenye mvi, na watu wawili walikaa pembeni yake wakiandika. Kesi ilikuwa ya kinu cha kukoboa mpunga Kagongwa: wenye kinu hawapati faida, wanataka kununua malori yao wenyewe, washauriwe. Amira akauliza, akajibiwa, akachora, akakokotoa. Kiingereza kilikwenda vizuri. Alikuwa amefika kwenye jibu, kwamba wasinunue malori, aliposikia nje injini ya Fuso ikiwaka.

Aliijua injini ile. Dirisha la ofisi lilitazama uani kwa Dilip, asingeweza kuona barabara, lakini alisikia sauti ya Nkwabi akielekeza watu, na maboksi yakitua juu ya bodi la gari, moja, jingine, jingine. Ndiyo basi. Wanakwenda. Akamwona mama yake juu ya mizigo, na sufuria mapajani.

"Amira," alisema Bi Lusia, kwa Kiswahili.

"Abee."

Lilitoka lenyewe. Mmoja wa wale wawili aliinua kichwa. Bi Lusia akatabasamu, akasogea karibu na kamera.

"Mwanangu, hebu nisikilize. Mimi nimekaa na wenye vinu hivi kabla wewe hujamaliza shule. Wote niliowaona wakifika mbali walikuwa na malori yao. Huoni kwamba hapo umekosea?"

Nje Fuso likapiga honi. Amira alijisikia mtu asiye na kitu mkononi. Jibu lake la kwanza lilikuwa linapakiwa kwenye gari, na lilikuwa limemgharimu radhi ya baba. Ingekuwa rahisi kuliachia na hili la pili. Alimtazama yule mama, akaona kwamba hawajasalimiana kwa lugha waliyokuwa wakizungumza sasa, na hakuweza kuendelea bila hilo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Lusia alisita kidogo. "Marahaba."

"Nimekuelewa ulivyosema, na wewe umeona vinu vingi, mimi nimekiona hiki kimoja tu kwenye karatasi. Na bado nasema wasinunue." Aliigeuza karatasi yake ya mahesabu kuelekea kamera. "Kinu kinashindwa kwa sababu mpunga unakuja wote msimu mmoja, miezi mingine mashine imelala. Wakinunua malori watakuwa na mashine imelala na malori yamelala. Kwanza wajenge ghala."

"Na nikikwambia mimi ndiye niliyewashauri wanunue?"

Fuso likatia gia, likaondoka, mngurumo wake ukaenda ukififia kwenye njia ya Ushirombo.

"Nitasikitika sana, mama," alisema Amira. "Lakini jibu ni lile lile."

Bi Lusia aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akamshukuru kwa Kiingereza, akasema watamjulisha, na skrini ikazima. Uso wake haukuonyesha neno.

Amira alimshukuru Dilip, akamshukuru Kantaben, akatoka. Vumbi la Fuso lilikuwa bado hewani. Alisimama ukingoni mwa barabara akiogopa kutazama ng'ambo, bodaboda moja ikampita, ya pili ikampita, kisha akatazama.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Maboksi hayakuwepo, rafu za pampu zilikuwa tupu, lakini kamba za manila zilikuwa zimerudi ukutani, maturubai yalikuwa mahali pake, na Mzee Akida alikuwa kwenye kiti cha plastiki akipuliza kahawa. Kutoka uani ilisikika sauti ya Mwamvua akiiambia sufuria kwamba leo kuna pilau, tena yenye limau pembeni.

Amira akavuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinywa kahawa kidogo. "Nkwabi amechukua pampu kwa jumla. Atauza mwenyewe huko Segese. Za kujaza rafu zitakuja wiki ijayo kutoka Mwanza."

Amira alishika kizingiti cha mlango.

"Huyo mama wa Dar," aliendelea Mzee Akida, macho yakiwa barabarani, "alikuletea ubishi?"

"Aliniletea."

"Ukamwambia hapana?"

"Nilimwambia, baba."

"Mlikuwa peke yenu?"

"Walikuwepo wengine wawili."

Mzee Akida alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake asiyemfahamu.

"Basi akikaa kimya usipate jibu lake, usihangaike," alisema. "Mpe muda. Mimi mwenyewe hapana yako ndiyo kwanza leo imeniingia."